Fundi Anajibu: Taimingi belti naweza kubadilisha mwenyewe nyumbani?

Mwezi huu maswali ya taimingi belti, ule mkanda wa mpira wenye meno unaofanya vali zifunguke na kufunga sawa na mwendo wa pistoni, yamekuja mengi mpaka nimeshangaa. Nimechukua matano. La kwanza nimelijibu kwa kirefu manake mwenye swali anataka kushika spana mwenyewe na mi watu wa hivyo nawapenda, hayo mengine tutayapitia haraka haraka.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Carina Ti, injini 5A, otomatiki. Nilinunua mkononi kwa mtu na hakumbuki kama taimingi belti ilishawahi kubadilishwa. Gereji wameniambia ufundi peke yake laki na ishirini, spea juu yangu. Shemeji yangu ana boksi la spana na jeki, anasema tufanye wenyewe Jumamosi nyuma ya nyumba. Mke wangu anasema tutaua gari. Nisikilize nani? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Msikilize shemeji kwenye kazi, mkeo msikilize kwenye muda, manake Jumamosi moja kwa watu ambao hawajawahi kufanya haitoshi. Anzeni Ijumaa jioni, na Jumatatu asubuhi usiwe na safari ya hilo gari.

Una bahati na injini. 5A ni katika injini zenye huruma, belti ikikatika njiani gari inazima tu, pistoni na vali hazigongani, unavutwa mpaka nyumbani unafunga belti mpya unaondoka. Ndo maana nakuruhusu. Ungeniambia una dizeli, au Mark II GX110 yenye injini ya 1G Beams, ningekwambia kalipe hiyo laki na ishirini na useme asante, kwa sababu huko belti ikikatika au ukiifunga vibaya vali zinapinda na silinda hedi inashuka, na hapo tunaanza kuongea habari nyingine kabisa.

Spea kwanza. Usinunue belti peke yake. Nunua belti, ile puli ya kukazia belti (tensheni), oili sili ya mbele ya krenki (shafti ya chini inayozungushwa na pistoni), oili sili ya kemshafti (shafti ya juu inayofungua vali) na gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini). Oili ndo adui wa belti, sili ikivuja mwezi mmoja baada ya kazi utarudia kila kitu upya. Wota pampu ya 5A haizungushwi na taimingi belti, inazungushwa na fani belti ya nje, kwa hiyo kama haina ukoko wa kuleanti (maji ya kupozea injini) iliyokaukia pembeni na haina mchezo ukiitikisa, iache. Belti yenyewe usikubali tu kwa sababu boksi limeandikwa jina unalolijua, maboksi yanachapishwa. Ukifika nayo nyumbani ilaze sambamba na ya zamani uhesabu meno, yawe sawa, na upana uwe sawa. Na usiikunje kama unavyokunja mkanda wa suruali, wala usiigeuze ndani nje, nyuzi zilizomo ndani zikivunjika huwezi kuona kwa macho.

Haya, kazi. Injini iwe ya baridi, betri toa nagativu, tairi za nyuma ziwekee vizuizi. Unainua mbele upande wa dereva, ndiko taimingi iliko kwenye gari yako, unatoa tairi na kile kiplastiki cha kuzuia matope. Gari ikae juu ya stendi. Sio tofali, sio jiwe, sio rimu ya gari nyingine. Jeki inashuka taratibu bila kukuaga na wewe kichwa chako kiko kwenye wilachi (uwazi wa tairi), kama shemeji hana stendi azime kwa jirani au kazi isifanyike.

Toa plagi zote nne ili injini izunguke kirahisi kwa mkono. Toa fani belti ya alteneta, ya pawa stelingi na ya ac. Fungua tapeti kava, bila hiyo kava za juu za taimingi hazitoki vizuri. Halafu jeki ya pili chini ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) na kipande cha mbao katikati, injini ibebwe kidogo tu, ndo unafungua injini maunti ya upande huo. Kidogo tu nimesema, sampo ni bati, ukilazimisha inabonyea.

Sasa hapa ndo pa kukaa. Chutama pale kwenye tairi ukiitazama puli ya krenki, weka spana namba 19 kwenye bolti yake, zungusha kufuata mshale wa saa. Kwenye puli kuna mkato mdogo, kwenye kava ya chini kuna namba, unataka ule mkato ukae kwenye 0. Ukifika hapo nenda juu ukaangalie gurudumu la kemshafti, lina tundu dogo la mviringo, na nyuma yake kwenye kifuniko cha beringi kuna alama. Ukichungulia tunduni unatakiwa uione ile alama iko katikati. Kama huioni usishtuke wala usifungue chochote, zungusha krenki raundi nyingine moja kamili, kwa sababu krenki inazunguka mara mbili kemshafti inazunguka mara moja, kwa hiyo ile 0 uliyoiona mwanzo ilikuwa ya raundi nyingine. Alama zote mbili zikikaa, piga picha na simu, karibu na mbali, piga hata kumi. Halafu chukua ile rangi nyeupe ya kufutia makosa ya peni, weka nukta kwenye meno ya gurudumu la juu na kwenye belti ya zamani, na chini hivyo hivyo kava ya chini ikishatoka. Mafundi wengine watakucheka. Wacheke.

Bolti ya krenki itawasumbua kuliko kitu kingine chochote, nakwambia mapema msije mkagombana. Kwa manyo unaweka gia ya tano mtu anakanyaga breki basi, kwenye otomatiki gia haishiki injini. Gereji wanaegemeza spana na paipu kwenye chesisi halafu wanapiga starta kidogo, bolti inaachia. Inafanya kazi, nimefanya sana, na sitaki mfanye, spana ikichomoka inakwenda inakotaka yenyewe. Nyie fungueni kile kifuniko kidogo cha chini kati ya injini na gia boksi, mmoja azuie meno ya lile gurudumu na bisibisi nene, mwingine avute na paipu ndefu. Ikiachia tu, kabla ya kuchomoa puli, hakikisha tena alama hazijahama.

Puli ikitoka, kava zinatoka, na mbele ya gurudumu dogo la krenki kuna sahani nyembamba kama kisosi. Angalia ilivyokaa! Upande wenye bonde unatazama nje, kwako wewe. Nimeshaona gari imekuja inalalamika mbele kama inatafuna kitu, belti ina wiki mbili na pembeni imeshaanza kunyonyoka nyuzi, tukafungua tukakuta kisosi kimegeuzwa. Kitu kidogo hivyo.

Ukishaona alama ya gurudumu la krenki imekaa na alama iliyo kwenye bodi ya oili pampu, legeza bolti ya tensheni, isukume upande wa kulegeza belti mpaka mwisho, ikaze kidogo ibaki huko, toa belti. Kuanzia hapo hakuna mtu kugusa kemshafti wala krenki, watoto waende kucheza kwingine. Badili sili, futa oili yote kwa kitambaa kikavu, usimwagie petroli. Tensheni mpya weka, springi yake irudi ilipokuwa.

Kufunga unaanzia chini kwenye krenki, unapandisha ule upande usio na tensheni ukiwa umekaza kabisa, unavalisha gurudumu la juu, ulegevu wote uishie upande wa tensheni. Legeza bolti ya tensheni, springi ivute yenyewe, usiisaidie na bisibisi. Sasa rudisha bolti ya krenki kwa muda na zungusha injini kwa mkono raundi mbili kamili, taratibu, kufuata saa. Ikikwama popote acha hapo hapo, usilazimishe, tafuta kilichozuia. Raundi mbili zikiisha alama zote zinatakiwa zirudi pale pale, 0 chini, tundu juu. Zikirudi kaza bolti ya tensheni nyutoni mita 37, na puli ikishakaa bolti ya krenki nyutoni mita 118. Spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) mnaweza kukodi au kuazima, na hiyo ya krenki msikaze kwa kukisia. Zisiporudi, hata kama ni jino moja, toa uanze upya. Usijiambie jino moja halina neno, gari itawaka ndiyo, ila itatetemeka ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), mlimani itakuwa kama imebeba saruji, na utaanza kubadilisha plagi na koili bure.

Hizo raundi mbili za mkono ndo nazisisitiza kuliko hata toki, na nina sababu. Mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza nilipewa Hiace ya dizeli nimalizie, bosi kaenda kula, mwenye gari kasimama mlangoni anaangalia saa. Nikafunga belti, macho yangu yakaniambia alama ziko sawa, nikapiga starta. Ilitoa sauti moja tu. Ka! Bosi aliisikia kutoka kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara, alirudi na kijiko mkononi. Vali nilizopinda nilizilipa kidogo kidogo kwenye posho mpaka nikasahau posho kamili inafananaje, na kuzungusha kwa mkono kungenichukua dakika mbili.

Mkimaliza, gasketi mpya ya tapeti, silikoni kidogo kwenye kona, plagi, fani belti, maunti, ndo jeki itoke. Andika kilomita na tarehe kwenye karatasi ya gundi ubandike kwenye kava ya belti, usije ukamfanyia atakayenunua kwako alichokufanyia aliyekuuzia. Kilomita 100,000 nyingine, au miaka ikienda mingi kabla ya hapo, mpira unazeeka hata gari ikilala.

SWALI: Habari fundi, mimi ni mdada nina IST ya 2004. Nimepeleka gari kufanya sevisi, fundi kaniambia taimingi belti imeisha niandae laki tatu haraka kabla injini haijafa. Ni kweli? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Nzuri dada. IST yako haina taimingi belti. Injini zake, 1NZ na 2NZ, zote ni cheni, iko ndani ya injini inaogelea kwenye oili, haina kilomita za kubadilisha kama belti.

Nisimhukumu mtu sijamsikia, inawezekana alisema fani belti ukasikia taimingi, hiyo ipo, inaonekana kwa nje ukifungua boneti, na haifiki hata robo ya hela hiyo. Mwambie akuoneshe kwa kidole. Akikuonesha mkanda unaouona bila kufungua kitu, hiyo ni fani belti. Akikwambia iko ndani, mwombe akufungulie uione, halafu msubiri hapo hapo kwenye kiti.

Wengine mnaosoma: angalieni ubavu wa injini. Kava la plastiki lenye bolti ndogo ndogo, hiyo ni belti. Kava la aluminiamu limebandikwa silikoni pembeni, hiyo ni cheni. Jina la gari halitoshi, Raum ya zamani EXZ10 ni belti, Raum iliyofuata yenye 1NZ ni cheni, na zote mtaani zinaitwa Raum. Na wewe dada hela yako weka kwenye oili, badilisha kwa wakati. Cheni inaharibiwa na oili chafu, na ikianza kuisha utaisikia asubuhi ukiwasha, inachakacha sekunde chache kama sarafu kwenye kopo halafu inanyamaza.

SWALI: Sasa fundi. Niko na Forester ya 2005, EJ20, imefika kilomita za belt na makanika ananiitisha pesa mob. Nimeona watu wanajifanyia, na mimi nina tuls. Alama si ni ile arrow iko kwa krenki, naiweka juu tu? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Poa ndugu yangu. Swali lako limejijibu, usiifanye. Hiyo mishale uliyoiona ndiyo iliyowapinda wengi vali. Kwenye EJ mshale sio alama ya kufungia belti. Alama ya krenki ni kamstari kadogo kalikochongwa ukingoni kwa nyuma ya gurudumu, kanalingana na mkato ulio juu yake kwenye bloku, na magurudumu ya kemshafti nayo yana vistari vyake. Ukiwa kwenye hivyo vistari pistoni zote zimekaa katikati ya silinda, hakuna vali inayoweza kuzigusa. Ukiwa kwenye mshale, pistoni mbili ziko juu kabisa zinasubiri.

Halafu yako kama ni ya kemshafti nne, zile mbili za upande wa kushoto zimebanwa na springi za vali, ukitoa belti zinaweza kuruka zenyewe, vali za juu na za chini zikagongana huku hata injini hujaizungusha. Kuna vifaa vya kuzishikilia, na tensheni yake ni ya haidroliki, inabonyezwa pole pole kwenye jiliwa ikiwa imesimama wima, ukiibana kwa haraka unaiua.

Mlipe makanika. Ila nunua seti nzima wewe mwenyewe, belti na puli zote na wota pampu, manake kwenye Subaru pampu inazungushwa na hiyo hiyo belti, na puli moja ikijam belti inaondoka nayo. Simama uangalie anavyofanya. Akianza kutafuta mshale, mwambie gari unaichukua.

SWALI: Fundi, Hilux Surf yangu ya 1KZ imewasha taa kwenye dashibodi imeandikwa T-BELT. Nikampigia fundi akaja akatoa balbu, taa ikazima, akaniambia ni waya tu. Niendelee kutembea? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Hapana. Hiyo taa haina waya unaokwenda kwenye belti, haijui belti iko mbovu au nzima, inahesabu kilomita tu. Zikitimia 100,000 inawaka kukukumbusha. Kutoa balbu ni kama kuchana kadi ya kliniki ili mtoto asipate chanjo.

Na ubaya wake, hata kutokuwaka sio ushahidi. Kwenye baadhi ya hizi gari kuna kizibo kidogo cha mpira kwenye kioo cha spidomita, unakichomoa unabonyeza ndani na bisibisi nyembamba, hesabu inaanza sifuri, belti ni ile ile. Mtu anayetaka kuuza gari anajua hilo.

1KZ ni dizeli, nishasema dizeli haina huruma. Safari ndefu simamisha mpaka belti na tensheni zibadilishwe, na balbu irudi mahali pake.

SWALI: Shikamoo baba. Nataka kununua Noah old model SR50 kwa mtu, nimeshatoa advansi. Dashibodi inasoma 91,000. Nilipoinua siti ya mbele kuangalia injini nikakuta stika ya Kijapani, nimeweza kusoma tu H20 na 98,400. Ni namba ya nini? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, una macho. Hiyo mara nyingi ni stika ya gereji za Japani, wakibadilisha taimingi belti wanabandika tarehe na kilomita. H ni Heisei, enzi ya mfalme wao iliyoanza 1989, kwa hiyo chukua namba ujumlishe 1988. H20 ni 2008. Ukikuta R ni Reiwa iliyoanza 2019, hapo unajumlisha 2018.

Kwa hiyo kama ni stika ya belti, hiyo belti ni ya 2008. Kilomita ziwe zozote, mpira wa umri huo unatoka. Injini ya Noah hiyo ni 3S, wota pampu yake inazungushwa na taimingi belti, kwa hiyo vibadilishwe pamoja. Ikikatika vali hazipindi, ila inakatika popote, hata Segera saa nane usiku. Nyumbani usijaribu, injini iko chini ya siti na nafasi ya mikono hakuna.

Sasa hiyo 91,000. Gari ilikuwa na 98,400 mwaka 2008, ikapanda meli, ikaja Tanzania, ikabeba watu miaka yote hiyo, leo ina 91,000. Usimgombeze kwenye simu. Nenda siku ya kumalizia malipo, mwombe awashe akusomee kilomita kwa sauti, halafu mwambie ashuke ainue siti mwenyewe asome na ile nyingine. Ndo muanze kuongea bei.